Nyumba ya Katikati

Kwetu, nje kidogo ya Kasoli, ukisikia mwano huulizi. Kwanza unaupaza, ndipo unauliza kuna nini, tena unauliza huku unakimbia. Mwano ni yowe la hatari. Unaanzia kwenye kaya yenye shida, kaya ya jirani inaupokea na kuurusha mbele, na ya tatu inaupokea kutoka kwa ya pili, hivyo hivyo mpaka bonde zima limejua. Sauti ya mtu mmoja haifiki mbali, na hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Anayelaumiwa ni aliyesikia akanyamaza.

Kaya yetu ilikuwa ya katikati. Mashariki, bondeni, alikaa shangazi yangu, mdogo wake baba, pamoja na mume wake. Magharibi, nyuma ya mwinuko wenye mawe makubwa, alikaa mchimba visima mmoja na wanawe watatu, wanaume wazima wenye kamba, sururu na mikono ya kazi. Mawe yale yaliikata kabisa sauti ya shangazi. Akitaka watu wa magharibi wamsikie, ilibidi apitie kwetu.

Nasema mapema kwa sababu nimechoka kuzunguka. Mimi nilisikia nikanyamaza. Mume wa shangazi akafa, na shangazi akaishi miaka na miaka akiamini kuwa sauti yake ndiyo iliyoshindwa. Neno moja kutoka kwangu lingemtua mzigo huo, na neno hilo nililiuma kwa meno kama mtu mwenye jino bovu asiyetaka kwenda kwa daktari.

Mwaka ule biashara ya pamba ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Zamani tulipeleka pamba kwenye ghala la ushirika, tukapanga foleni, tukasubiri malipo mpaka tukasahau tunasubiri nini. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori. Lori lilikuja bila taarifa, likasimama barabarani, likapima mpaka likajaa, likaondoka. Aliyewahi ameuza. Aliyechelewa alirudi na pamba yake na kununa kwake. Haikuchukua muda watu wakaanza kuutumia mwano kuitana kwenye lori. Wazee wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, walikemea wakachoka. Nani angewasikiliza wakati lori linapakia?

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na niko nyumbani nasubiri majibu, nimejaa maringo ya mtu aliyesoma. Asubuhi hiyo baba alikuwa msibani kijiji kingine. Mama na wadogo zangu walikuwa shamba la mbali wakiokota pamba ya mwisho. Mimi nilibaki uani nachambua, pamba safi huku, pamba fifi, ile yenye madoa, kule. Ilikuwa kama saa nne. Mwano ukatoka kwa shangazi.

Nilisimama na konzi ya pamba fifi mkononi. Ukaja mara ya pili. Ukaja mara ya tatu.

Ningependa kuandika kwamba nilijua ni lori. Sikujua. Niliamua kuwa ni lori, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Hapo hapo nikawaza juu ya kaya ya magharibi. Walikuwa na jozi mbili za ng'ombe waliofundwa na tela lenye matairi mapya. Sisi tulikuwa na jozi moja ya wazee wawili waliotembea kama wanakwenda kuchinjwa. Nikiupeleka mwano, watatupita njiani na lori litajaa kabla sijafika. Kwa hiyo nikajitia hamnazo. Nikafunga ng'ombe nira peke yangu, kazi ambayo baba hakupenda niifanye, nikapakia marobota mpaka mgongo ukalia, nikaenda zangu barabarani, upande wa kaskazini. Njia nzima nilikuwa nikitabasamu. Tabasamu lile bado nalikumbuka usoni mwangu, na nikilikumbuka natamani kujizaba kofi.

Barabarani hapakuwa na lori. Hapakuwa na foleni wala alama ya tairi mpya kwenye vumbi. Ng'ombe wetu wakainamisha vichwa wakaanza kucheua. Nilikaa pale kwa muda nikijidanganya kuwa lori limechelewa. Ndipo nikasikia kilio kutoka bondeni, kile cha wanawake wengi, ambacho huanza pale msaada unapokuwa hauna kazi tena.

Mume wa shangazi alikuwa ameingia kisimani kukichimba zaidi kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Ukuta ukamporomokea, ukamfunika mpaka juu ya kichwa, lakini mbao alizokuwa ameshuka nazo zilimwachia kijishimo cha hewa. Shangazi alikuwa peke yake juu. Alipaza mwano mara tatu, kisha akashuka kwa vikanyagio vilivyobaki akaanza kuchota udongo kwa beseni. Mume wake alikuwa anaongea kutoka chini ya udongo. Alimwuliza, “Wanakuja?” Shangazi akamjibu, “Wanakuja.” Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Hakuthubutu kumwacha peke yake na kukimbilia kwetu, maana mume alikuwa bado anaongea, na pia kwa nini akimbie wakati mwano umepigwa na mwano hujibiwa? Aliendelea kumjibu hata baada ya maswali kukoma. Mwanamke aliyekuwa anapita kutafuta kuni ndiye aliyewakuta.

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilimsikia shangazi mwenyewe akiyasema kwenye baraza la sungusungu, uani kwetu, mbele ya lile lundo la pamba nililolichambua. Kila kaya iliulizwa. Kaya iliyosikia mwano ikakaa kimya hutengwa: hampewi moto, hamchoti maji na wenzenu, hakuna anayewazika, mpaka mtoe ng'ombe na kuomba radhi mbele ya wote. Mkuu wa sungusungu alinigeukia.

“Wewe binti, ulikuwepo hapa. Ulisikia?”

Baba alikuwa ananitazama. Alikuwa amerudi kutoka msiba mmoja akaingia mwingine, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la huko.

“Sikusikia,” nikasema. “Upepo ulikuwa unatoka huku kwetu kwenda kwao.”

Wazee wakaafikiana kuwa ni upepo. Nani angemshuku mtoto wa shule anayezungumzia upepo kwa Kiswahili kilichonyooka? Lakini shangazi hakukubali kuwa ni upepo. Alitikisa kichwa, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba sauti yake ilikuwa ndogo. Kwamba angepiga kwa nguvu zaidi ingefika.

Tangu siku hiyo hakuipaza tena. Kuku aliwafuata mmoja mmoja badala ya kuwaita. Mtu akipita njiani na yeye ana shida naye, alimkimbilia mpaka amguse bega. Kanisani midomo yake ilicheza na wimbo haukutoka. Aliongea kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. Watu walisema ni majonzi, yataisha. Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa nikimwona najificha nyuma ya ghala kama mwizi wa kuku.

Nikaenda chuo cha ufundi, mbali, nikafurahi kuwa ni mbali. Nilisomea umeme, kisha kompyuta zilipoanza kuingia nikazing'ang'ania. Nilifikiri huko hakuna mtu wa kuniuliza kama nilisikia. Miaka ikapita. Baba akafariki. Mama akahamia kwa kaka yangu mjini, na kaya yetu ikabaki kuta zinazoporomoka. Mimi nikarudi wilayani kwetu, Bariadi, kufanya kazi kwenye karakana moja ya Somanda, ya fundi redio wa zamani aliyekuwa ameamua kutengeneza mizani ya umeme. Wakulima walikuwa wamechoka na mizani za kuning'iniza ambazo namba yake aliiona mnunuzi peke yake. Mizani yetu ingeonyesha namba kubwa nyekundu pande zote mbili, na ingechapa risiti. Fundi alishughulika na chuma na nyaya. Mimi niliandika programu.

Ubongo wa mizani ulikuwa chipu moja ya bei nafuu, na bei nafuu maana yake nafasi ndogo. Niliandika programu kwa vipande: kipande cha kusoma uzito, cha kuwasha namba, cha kuchapa risiti. Kisha kuna programu nyingine, kiunganishi, ambayo kazi yake ni kuvichukua vipande hivyo, kuvipanga ndani ya chipu kimoja baada ya kingine, na kuandika kila mahali anwani ya kipande kinachoitwa. Kipande kikitaka kazi ifanyike kwingine, kinaruka kwenda huko. Lakini kuna miruko ya aina mbili. Mruko mfupi unakula nafasi mbili tu, ila haufiki mbali. Chipu imegawanywa vyumba vinne, na mruko mfupi hautoki nje ya chumba chake. Mruko mrefu unafika popote, lakini unakula nafasi tatu. Ukisema uandike mirefu kila mahali, programu inanenepa mpaka haiingii kwenye chipu. Ukiandika mifupi kila mahali, kuna inayogonga ukuta.

Mimi nilikuwa nimeandika mifupi kila mahali. Siku moja kiunganishi kikakataa. Kikaandika kwenye kioo kwamba mahali panapotakiwa ni mbali mno, hapafikiki, mstari huu, mstari huu na mstari huu, ukurasa mzima. Kipande cha kuchapa kilikuwa kimesukumwa mpaka chumba cha mwisho, na waliokuwa wanakiita walikuwa chumba cha kwanza.

Fundi akavaa miwani, akasoma, akacheka.

“Hili jambo dogo, ng'wanawane,” akasema, yaani mwanangu. “ Viunganishi vipya vikiona mruko haufiki vinajirekebisha vyenyewe. Hiki chetu kizee, kinajua kulalamika tu. Fanya kwa mkono.”

“Nifanyeje?”

Akachukua kalamu akachora mstari wa vyumba vinne nyuma ya bahasha. “Usimguse anayeita. Mwache na mruko wake mfupi. Humu humu chumbani kwake tenga nafasi tatu, uweke mruko mmoja mrefu. Basi. Wote wa humu wanaruka hapa, hapa panawarusha kule. Badala ya kila mtu kuwa na mrefu wake, mrefu unakuwa mmoja. Hapa hapafanyi kazi nyingine. Hapafikirii. Panapokea, panapeleka.” Akapachorea kijumba kidogo chenye paa. “Unaweka nyumba ya katikati.”

Nakumbuka nilitazama kile kijumba cha kalamu na masikio yakaanza kuvuma, na ndani ya mvumo huo nikasikia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiusikia mwano ule njiani, sokoni, hata nikiwa nimewasha redio, na kila mara nilisema ni mtoto analia au breki za gari. Pale karakanani sikuwa na cha kusingizia.

Nikafanya kazi kama alivyoelekeza. Kiunganishi kikakubali bila neno. Tukaichoma programu kwenye chipu, kama mafundi wanavyoita kuiandika humo, tukaipachika, tukaweka jiwe la kilo ishirini. Namba zikawaka, ishirini kamili. Fundi akapiga makofi. Nikabonyeza kitufe cha risiti.

Namba zikazimika. Zikawaka tena, sifuri. Jiwe liko pale pale, mizani inaanza upya kujipanga kama inayoamka. Baada ya kitambo ikaonyesha ishirini tena, na risiti hakuna. Nikabonyeza tena, ikazimika tena, ikarudi sifuri. Haikulia, haikuandika kosa lolote. Ilijifanya haijaulizwa kitu.

Tulihangaika siku mbili. Fundi alifungua mashine ya kuchapa akaifunga. Akabadilisha nyaya. Mimi nilisoma kila kipande isipokuwa kimoja. Mwishowe akachapisha orodha nzima ya yaliyomo kwenye chipu, akapita na kidole mstari kwa mstari, kidole kikasimama.

“Hapa pana nini?”

Palikuwa ni nyumba ya katikati. Nilikuwa nimetenga nafasi tatu, nimepapatia jina, nimewaelekeza wote waruke hapo. Mruko wenyewe sikuuandika. Palikuwa patupu.

“Umejenga nyumba hukuweka mtu,” fundi akasema, bila hasira. “Unajua inavyokuwa? Chipu ikifika patupu haisimami. Inapita tu kwenye utupu, hatua moja moja, mpaka mwisho wa kumbukumbu, kisha inaanza mwanzo. Kwa hiyo unaona sifuri. Kule kwa kuchapa hawana habari kama waliitwa. Na huyu aliyeita anadhani ameshindwa yeye.”

Nikalia. Nililia kwa sauti mbaya, ile ya kukoroma, karakana nzima ikageuka. Maskini fundi, alifikiri amenikaripia. Akanisogezea kiti, akasema mara mbili, “Binti, ni nafasi tatu tu. Jaza.”

Nikajaza. Tukaifuta chipu chini ya taa yake ya zambarau, tukaichoma upya. Risiti ikatoka, karatasi nyembamba yenye joto. Siku iliyofuata sikwenda kazini. Nilikwenda Kasoli.

Shangazi nilimkuta kibarazani anabangua karanga. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. Jua lilikuwa limefika katikati.

“Mwadila, senge,” nikamwamkia kwa Kisukuma: habari za mchana, shangazi.

“Mwadila, ng'wanawane,” akanong'ona, akanyanyuka kuniletea kigoda. Nilikataa kukaa. Nilijua nikikaa nitaulizwa habari za mjini, nitajibu, nitanywa uji, nitaondoka, kama nilivyofanya kila mara. Nikapiga moyo konde.

“Senge, ile siku ya kisima. Nilisikia.”

Ganda la karanga lilikuwa katikati ya vidole vyake.

“Nilikuwa uani. Nilisikia nikadhani ni lori. Sikutaka watu wa magharibi watuwahi. Halafu barazani nikasema uongo. Upepo haukuwepo.”

Aliipasua ile karanga polepole, na mimi nilitamani anipige. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayehakikisha mambo ya shambani.

“Nilipiga mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Ulizisikia zote?”

“Zote. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote.”

“Ya tatu,” akasema. Akaweka karanga chini. “Ya tatu, yeye kule chini alikuwa ameniambia nipige kwa nguvu.” Uso wake ukakunjamana, ukakunjuka. “Kumbe ilifika.”

“Ilifika, senge.”

“Miaka yote hii nilikuwa nasema nilimdanganya. Nilimwambia wanakuja, kumbe sikuwa nimewaita.” Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akanitazama, na macho hayakuwa ya upole. “Sasa ipeleke.”

“Senge?”

“Niliipiga, ukaipokea. Unayo mpaka leo. Ipeleke.”

Alijua anachoniambia. Kupiga mwano bila hatari nako ni kosa. Watu wataacha majembe, watakimbia na fimbo mkononi, watanikuta nimesimama, na nitapaswa kuwaeleza wote ni mwano wa lini na umechelewa kwa nini. Hapatakuwa na upepo wa kusingizia. Jina la baba litatajwa, naye yuko kaburini.

Nilipanda mpaka kaya yetu. Paa lilikuwa limeanguka na mbuzi wa mtu walikuwa wanalala chumbani kwa mama. Nikapita uani, mahali nilipokuwa nimesimama na ile konzi ya pamba, nikapanda jiwe la nyuma ya nyumba, nikaelekeza uso magharibi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikapaza.

Ya kwanza ilitoka mbovu, imepasuka katikati. Ya pili ilitoka vizuri. Kabla sijavuta pumzi ya tatu, nikasikia nyuma yangu, kutoka bondeni, sauti ya mwanamke mzee ikipanda, nene, ndefu, haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimesahau jinsi shangazi alivyokuwa na sauti. Nikaisubiri iishe, nikaichukua, nikaipeleka.

Magharibi wakajibu mara moja. Kisha wakajibu wengine mbele yao, na wengine mbele zaidi, mpaka sikuweza kusikia tena.

Wa kwanza kufika alikuwa mchimba visima mwenyewe. Alikuwa amezeeka, goti moja halikunji, na wanawe walikuwa bado wanakwea mawe nyuma yake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Kamba ilikuwa begani, tayari imefungwa kitanzi.

“Wapi?” akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kuelekea kwa shangazi, kwenye kisima kilichofukiwa siku nyingi, nikaanza kumweleza.